Nani analipia 'usafi' wa simu yako? Hesabu inamshukia mchimbaji wa Maniema

Lusangi, Maniema. Mwombe fundi simu akufungulie simu yako uitazame bodi yake kwa karibu. Utaona vidoa vidogo vya rangi ya fedha, vingi kiasi cha kuchosha macho. Hiyo ndiyo lehemu, inayoshikilia kila kipande mahali pake na kupitisha umeme. Sehemu kubwa ya lehemu hiyo ni bati.

Hapa hatuzungumzii bati la kuezekea nyumba, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki. Bati la ndani ya simu hutoka kwenye kasiterite, mawe meusi mazito yanayochimbwa kwa sululu na koleo mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mkoa wa Maniema ukiwamo.

Huku kusini mwa mkoa, katika ukanda wa Lusangi na teritwari za Kasongo na Kabambare, uchimbaji mdogo wa dhahabu, kasiterite na koltani huzilisha familia nyingi sambamba na mihogo, mpunga na mawese. Koltani ndiyo inayotoa tantalamu, metali ya kutengenezea kapasita, vipande vidogo vinavyohifadhi umeme kwenye bodi ileile. Kongo huchimba takriban asilimia 40 ya tantalamu yote duniani.

Madini hayo huondoka mkoani kwa magunia na kurudi yakiwa simu. Nyingi ni Tecno na Itel, chapa za kampuni ya Transsion yenye makao yake Shenzhen, kusini mwa China.

Katikati ya shimo na duka la simu kuna swali ambalo wanunuzi wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakiuliza kwa zaidi ya miaka 15: je, madini haya ni safi? Maana yake, hayakumnufaisha mtu mwenye bunduki? Swali ni la haki. Tatizo ni gharama ya kulijibu, ambayo imekuwa ikishuka ngazi kwa ngazi hadi kumfikia mtu asiye na wa kumshushia.

Pembe kwanza, bati baadaye

Kasongo si mgeni wa biashara ya namna hii. Katika miaka ya 1870 mfanyabiashara wa Zanzibar, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, aliufanya mji huo kuwa ngome yake. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani na watumwa na wapagazi kupitia Ujiji na Tabora hadi pwani, kisha zikavushwa Zanzibar.

Nyingi zilimalizia safari yake katika jimbo la Connecticut nchini Marekani. Huko, viwanda vya miji ya Ivoryton na Deep River vilizichonga kuwa vitufe vya piano. Kingwana, Kiswahili kinachozungumzwa Maniema hadi leo, ni urithi wa misafara hiyo. Majeshi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji yaliiteka Kasongo Aprili 1893, na njia ya biashara ikageuzwa kuelekea magharibi.

Bati lilikuja na Wabelgiji. Kampuni ya Symétain ilianzishwa mwaka 1932, na mji wa Kalima ukawa kitovu chake. Mwaka 1976 kampuni za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa moja, SOMINKI. Oktoba 1985 bei ya bati ikaanguka jijini London baada ya Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likiishikilia bei hiyo, kuishiwa fedha. SOMINKI haikupona. Mashimo yakabaki kwa wachimbaji wadogo, na mwaka 1997 mali za kampuni hiyo zikapewa jina jipya, SAKIMA.

Jambo moja husahaulika katika historia hii. Kongo iliwahi kuyeyusha bati lake yenyewe. Mjini Manono, kusini zaidi, kampuni ya Géomines ilikuwa na tanuri lake, na umeme ulitoka katika bwawa la Piana Mwanga lililojengwa miaka ya 1930. Leo Manono inatajwa kwa ajili ya lithiamu ya betri. Matanuri yanayopokea kasiterite ya Maniema yako Asia.

Kampuni zisizo na viwanda

Kuelewa kwa nini safari ni ndefu hivi, lazima turudi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo kampuni ya Marekani ya Fairchild ilianza kupeleka kazi ya kuunganisha vifaa vyake vya elektroniki Hong Kong, ambako mishahara ilikuwa midogo. Wengine wakaiga. Mwaka 1972 Intel ilifungua kiwanda chake kisiwani Penang, Malaysia, ndani ya eneo huru la biashara la Bayan Lepas.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, katika mji wa Butterworth, kulikuwa na tanuri la kampuni ya Malaysia Smelting Corporation, MSC. Katika miaka ya 2000 kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kasiterite ya Kongo. Yaani jiwe lililopanda ndege Maniema liliweza kuyeyushwa ukingo mmoja na chipu kuunganishwa ukingo wa pili, zikitenganishwa na safari fupi ya kivuko.

Mwaka 1980 China iliitangaza Shenzhen kuwa eneo maalumu la uchumi. Mwaka 1988 Foxconn, kampuni ya Terry Gou wa Taiwan, ilifungua kiwanda huko. Kutokea hapo mtindo ukawa huu: kampuni yenye jina nyuma ya simu inamiliki michoro na chapa, kiwanda ni cha mwingine, bodi na kapasita ni za wengine, tanuri la kuyeyushia ni la mwingine kabisa. Apple haimiliki kiwanda kinachounganisha iPhone, sembuse shimo la madini.

Kuna uamuzi mwingine uliofanyika mbali na kugusa Maniema bila kuitaja. Julai 1, 2006, Umoja wa Ulaya ulianza kupiga marufuku risasi katika vifaa vya elektroniki, kwa sababu ni sumu. Lehemu ya zamani ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi. Iliyochukua nafasi yake ina bati zaidi ya asilimia 95, fedha kidogo na shaba kidogo. Sasa karibu nusu ya bati yote inayotumika duniani huenda kwenye lehemu.

Mwaka 2010, ncha mbili za mnyororo

Mwaka 2010 mnyororo huu ulitikisika katika ncha zake zote mbili.

Shenzhen, wafanyakazi wa Foxconn, wengi wao vijana waliotoka vijijini, walijitupa kutoka ghorofani mmoja baada ya mwingine. Habari zilienea dunia nzima wakati iPhone 4 ikikaribia kuingia sokoni. Kampuni ilifunga nyavu kuzunguka mabweni. Juni mwaka huo ilipandisha mshahara wa msingi kutoka yuan 900 hadi 1,200 kwa mwezi. Bado walikuwa na mengi ya kulalamikia, lakini nyongeza ilipatikana.

Julai 21, Rais Barack Obama alitia saini sheria ya Dodd-Frank, iliyotungwa kuzinyoosha benki za Marekani. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 1502. Kilizitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Marekani kueleza kila mwaka kama bati, tantalamu, tangsteni au dhahabu katika bidhaa zao vinatoka Kongo au nchi jirani, na kama viliyafadhili makundi yenye silaha.

Septemba, kabla hata kanuni za sheria hiyo hazijaandikwa, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo wote katika mikoa mitatu: Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Sababu iliyotolewa ni kuwaondoa watu wenye silaha migodini. Marufuku iliondolewa Machi 2011.

Kuondolewa kwake hakukusaidia sana. Kuanzia Aprili 1, 2011, matanuri yaliyotaka kuendelea kuziuzia kampuni kubwa za elektroniki yalitakiwa kuthibitisha asili ya madini yao. Kwa mikoa hiyo mitatu, ambako marufuku ilikuwa imeukatisha hata mfumo wa majaribio wa kuweka lebo huko Nyabibwe, Kivu Kusini, uthibitisho haukuwapo. Wanunuzi wakubwa walijitoa. Waliobaki ni wachache waliouza China, na mnunuzi akiwa mmoja bei huipanga yeye.

Maniema iliingizwa kapu moja na Kivu mbili, ingawa migodi yake ya bati ilikuwa na utulivu kuliko ile ya Walikale iliyokuwa mikononi mwa wanajeshi na waasi. Mkoa huu una barabara mbovu, na sehemu kubwa ya biashara yake hutegemea ndege ndogo. Ndege huleta sabuni, chumvi na dawa, huondoka na madini. Madini yakisimama, rubani hana cha kubeba wakati wa kurudi.

Wachumi wa Marekani Dominic Parker, Jeremy Foltz na David Elsea walipima matokeo hayo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Kwa makadirio yao ya chini kabisa, uwezekano wa mtoto mchanga kufariki katika vijiji vilivyo karibu na migodi iliyoguswa na sheria uliongezeka kwa asilimia 143. Maelezo yao yanaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kuishi karibu na machimbo: mama aliyepoteza kipato alikosa chakula na ada ya zahanati.

Yuan 300 zaidi Shenzhen, na kaburi dogo Maniema au Kivu. Huo ni ulinganisho mkali, najua, lakini ndio mwaka 2010 ulivyogawanya hasara.

Tagi ya plastiki na mzani

Njia ya kurudi sokoni ilikuwa mfumo wa iTSCi, ulioanzishwa na chama cha viwanda vya bati duniani. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Wakala wa serikali anakuwa mgodini. Gunia likijazwa, anapima uzito, anaandika daftarini na kulifunga kwa tagi ya plastiki yenye namba. Likifika kwenye ghala la mnunuzi wa kati, linafungwa tagi ya pili. Namba hizo husafiri na mzigo hadi kwenye tanuri.

Ukaguzi unaishia tanurini kwa sababu ya kimaumbile. Bati la Maniema likishayeyushwa pamoja na la kisiwa cha Bangka, Indonesia, hakuna maabara itakayoyatenganisha tena.

Mfumo huu unaendeshwa kwa tozo anayolipa msafirishaji kwa kila tani. Hapo ndipo mzani unapohusika. Bei ya bati hupangwa katika Soko la Metali la London. Mwaka 2024 na 2025 tani moja imeuzwa kwa zaidi ya Dola 30,000 za Marekani kwa miezi mingi. Msafirishaji wa Bukavu au Goma huanza na bei hiyo, akatoa gharama ya kuyeyusha, meli, ushuru, tozo ya tagi na faida yake. Kinachobaki ndicho anachomwambia mnunuzi wa kati. Naye hutoa nauli ya ndege au pikipiki, vizuizi vya barabarani na faida yake.

Chini yake yuko anayeitwa PDG, jina la kifaransa la mkurugenzi wa kampuni kubwa. Kwenye machimbo ni mtu anayelisha timu, kununua sululu na tochi, na kuchukua mgawo wake kabla ya wengine. Mchimbaji ndiye wa mwisho kuhesabiwa. Kila gharama inayoongezwa juu yake, iwe ya haki au ya wizi, yeye huiona kama bei ya kilo iliyopungua. Hana daftari la kuonyesha ni faranga ngapi kati ya hizo ni za tagi na ngapi ni za askari wa kizuizini.

Vizuizi peke yake ni habari nyingine. Shirika la utafiti la IPIS la Ubelgiji lilihesabu vizuizi 798 katika mikoa miwili ya Kivu, katika ripoti yake ya mwaka 2017. Hapo lawama ni ya dola ya Kongo, si ya Washington wala ya Shenzhen.

Na tagi zenyewe hazikuwa ngao kamili. Aprili 2022 shirika la Global Witness lilichapisha ripoti likidai kuwa madini ya magendo yalikuwa yakipitishwa ndani ya mfumo huo na kutoka yakiwa yamesafishwa jina. iTSCi ilikanusha.

Dhahabu ya Salamabila

Kabambare ina somo lake jingine. Katika eneo la Salamabila kuna mgodi mkubwa wa dhahabu wa Namoya, uliokuwa wa kampuni ya Kanada ya Banro. Uzalishaji wa kibiashara ulianza rasmi Januari 2016. Wachimbaji wadogo waliokuwa wakitegemea vilima hivyo waliondolewa, na kundi la Mai-Mai Malaika likajipatia hoja ya kushika silaha.

Machi 2017 wafanyakazi watano wa mgodi walitekwa: Mfaransa mmoja, Mtanzania mmoja na Wakongo watatu. Waliachiwa baadaye. Mwaka 2019 Banro ilisimamisha kazi kwa sababu ya usalama.

Dhahabu nayo imo ndani ya simu, kwenye sehemu za maunganisho, kwa sababu haishiki kutu. Ila tofauti na bati, hubebeka mfukoni. Hakuna mfumo wa tagi uliofanikiwa kuikamata.

Desemba 2024

Desemba 2024 mawakili wa serikali ya Kongo walifungua mashtaka Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya kampuni tanzu za Apple, wakidai kwamba madini yaliyoporwa Kongo yanaingia katika bidhaa zake. Apple ilipinga vikali. Katika majibu yake ilieleza kuwa, kutokana na mapigano kuongezeka, ilikuwa imewaagiza wauzaji wake wahakikishe matanuri yanasimamisha ununuzi wa madini hayo kutoka Kongo na Rwanda.

Kwa wakili wa kampuni, hilo ni jibu zuri. Kwa mchimbaji wa Kabambare ni 2011 imerudi.

Chanzo cha hofu kilikuwa hasa Rubaya, mgodi wa koltani wa Masisi uliotekwa na M23 Aprili 2024. Rubaya iko Kivu Kaskazini, mbali sana na Lusangi. Lakini agizo lilitaja nchi, halikutaja mgodi. Januari na Februari 2025 Goma na Bukavu, milango ambayo madini ya Maniema yaliizoea, nazo ziliangukia mikononi mwa M23.

Kujitoa ndiyo njia rahisi kwa kampuni yenye wauzaji mabara yote. Bati lipo Indonesia, China, Peru na Bolivia. Njia ngumu ilishawahi kujaribiwa. Oktoba 2012, chini ya mpango ulioungwa mkono na serikali ya Uholanzi, mgodi wa Kalimbi huko Nyabibwe ulifunguliwa tena kwa tagi, na kampuni kama Philips, HP na Motorola Solutions zikakubali kununua kutoka humo badala ya kuukwepa. Bati lilikwenda kwenye tanuri la MSC, Malaysia. Sehemu yake iliingia katika Fairphone ya kwanza, simu ya Kiholanzi iliyounganishwa China mwaka 2013. Ulikuwa mpango mdogo, wenye kasoro zake, lakini mchimbaji alibaki na mnunuzi. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha kwanza ambacho sheria yoyote ya madini ingepaswa kupimwa nacho.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Januari 1, 2021 inawabana waagizaji wa madini na metali yenyewe. Simu iliyokamilika ikitua Ulaya kutoka China haiulizwi chochote chini ya kanuni hiyo.

Afrika Mashariki imeanza kuingia kwenye kazi ya kuunganisha, kutokea upande wa mwisho. Oktoba 2023 Rais William Ruto alizindua kiwanda cha simu cha EADAK huko Athi River, Kenya, ubia wa Safaricom, Jamii Telecommunications na mshirika kutoka China. Kigali ilikuwa na kiwanda chake cha Mara Phone tangu Oktoba 2019. Vipuri vinavyounganishwa Athi River huagizwa kutoka China.

Kati ya Athi River na mashimo ya Kabambare kinachokosekana ni hatua za katikati: tanuri, kiwanda cha lehemu, kiwanda cha bodi. Zote zinataka umeme usiokatika. Huku Lusangi, simu inachajiwa kwa sola.